Mashavu ya Kununua

Wewe unayemeza vile vidonge vya kunenepa ukijificha mumeo asikuone, kaa nikusimulie. Sikuja kukusema. Nikuseme mimi kama nani? Mimi niliyevimeza tangu wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho mpaka mvua zikakolea, na ningeendelea kuvimeza kama mwili wenyewe usingenigomea? Sasa nina nguvu ya kujitwika ndoo ya maji na kufika nayo nyumbani bila kupumzika njiani, ndiyo maana nimepata na nguvu ya kusema.

Watu wakiniuliza ugonjwa ulianzia wapi, huwa nawajibu ulianzia miguuni. Uongo. Ulianzia kwenye kiti.

Tulikwenda arusini Nachingwea mjini, mimi na mdogo wangu Salima. Sikiliza vizuri: mdogo wangu. Nimemzidi miaka sita, nimembeba mgongoni, nimemfuta kamasi. Tulipoingia uani kwa watu, mwenye shughuli alimwona Salima akapaza sauti, "Leteni kiti, mama mkubwa amefika!" Kikaja kiti. Akakalishwa Salima. Mimi nikaonyeshwa mkeka kule kwenye sufuria, nikamenye vitunguu na wenzangu. Akapita binti mmoja, akapiga goti mbele ya Salima, "Shikamoo mama." Aliponigeukia mimi akasema, "Mambo, dada?"

Salima akacheka, akamwambia yule binti, "We, huyo ndiye mkubwa wangu!" Alisema kwa wema. Wema wake ndio ulioniumiza zaidi.

Salima ameolewa Mbekenyera, upande wa Ruangwa, na mwanamume mwenye duka na gari la kubebea ufuta. Ana mwili, si mchezo. Shingo ina pingili, mikono imejaa mpaka bangili hazichezi, akitembea kanga inajua imefungwa kwa nani. Huku kwetu mwili kama ule ni taarifa. Ukiuona unajua kwamba nyumba ile unga hauishi, mume hapigi, mkopo wa pembejeo umelipwa. Na mimi je? Mimi nimezaliwa mwembamba, nimemfuata baba. Nile nisile, ni ule ule. Nilizaa watoto watatu na bado wauza vitenge wananiita "binti." Wanawake wa kijijini kwetu Mtua walikuwa wakinitania kisimani: "Somoe, kwani mumeo anakula peke yake?" Nacheka nao. Nikifika nyumbani nakaa jikoni, roho inaniwaka.

Wivu. Nautaja kwa jina lake. Nilimwonea wivu mdogo wangu wa tumbo moja, tena si wivu wa siku moja. Nikimwona anajipepea kwa ncha ya kanga nilitamani joto lile la mtu mnene linipate na mimi.

Mwaka ule mama yetu alisema wajukuu zake wawili watachezwa pamoja, Rehema wangu na Mwanahawa wa Salima. Mambo ya ndani ya unyago hayasemwi, na mimi sitayasema. Lakini siku ya kutoka inajulikana na kila mtu. Wali, yaani mabinti waliochezwa, wanatolewa wamepambwa, na mama zao wanasimama mbele ya umma, wanacheza, wanatunzwa. Maana yake nini? Maana yake mimi na Salima tutasimama bega kwa bega, sare moja ya kitenge, kijiji kizima kinatutazama na kutupima kwa macho. Nikajiona nimesimama pale kama mti wa kuanikia nguo.

Nikaenda mjini kwa mwanamke mmoja anayeuza mafuta ya kujipaka na vikorokoro vingine. Sikuhitaji kueleza sana. Alinitazama juu mpaka chini, akainama chini ya meza, akatoa bahasha ndogo ya kaki. "Hivi hata hospitali wanawapa wagonjwa," akaniambia. "Usiogope. Mwezi mmoja tu, utanitafuta kunishukuru."

Na kweli nilimtafuta. Kwanza ilikuja njaa. Nilikula ugali wa jioni, nikala na makoko ya sufuria, nikaamka naota muhogo. Kisha mashavu yakaja. Jamani, mashavu yale! Nilikuwa na kioo cha kuvunjika nusu, nikawa nakitazama kila saa. Uso ukawa mviringo, unang'aa. Tumbo likaja, mgongo juu ukajaa nyama. Kisimani nako wakaanza: "Eeh, Mama Rehema! Korosho za mwaka huu zimekukubali!"

Korosho gani? Mwaka ule salfa tuliipuliza kwa kuchelewa, maua yakaliwa na ugonjwa wa ubwiri unga, mikorosho ikatoa kidogo mpaka aibu. Huo ndio mwaka nilioonekana tajiri. Mjomba alitoka Kiegei kwa baiskeli kuja kuomba bati za nyumba yake. Tulipomwambia hatuna, alinitazama mashavu, akatazama chini, akasema, "Haya, mwenye kunyimwa hana la kusema." Akaondoka amenuna mpaka leo.

Na Baba Rehema, mume wangu? Mtu mpole, hana makuu. Lakini na yeye alikuwa amechoka kuambiwa kwenye gahawa kwamba mkewe anakondeshwa. Nilipojaa, akaanza kuniita tutoke wote kwenda mjini. Zamani alikuwa anatangulia, mimi nafuata nyuma. Sasa anatembea nami sambamba, anasalimia watu ambao hata hawajamsalimia. Hakuniuliza nimekula nini. Labda hakutaka kujua.

Mengine yaliyonipata niliyaficha. Michirizi ya zambarau ilinichora tumboni kama mtu aliyechapwa bakora. Nikigusa ukingo wa kitanda, paja linavilia damu. Kidevuni viliota vinyweleo, nikawa navinyoa kwa wembe wa kucha. Kiu ilinishika, nakunywa maji na kwenda uani, nakunywa na kwenda. Ulipofika wakati wa kuokota korosho, nilichuchumaa chini ya mkorosho nikashindwa kuinuka. Miguu ilikuwa imekonda chini ya tumbo lile lote. Nilishika tawi nikajivuta. Nikajisemea, ni unene huu, wanene wote huchoka.

Siku ya kutoka wali ilifika mwezi wa kumi na mbili, shule zimefungwa. Nisidanganye, ilikuwa siku tamu kuliko zote maishani mwangu. Fundi alikuwa ameifumua sare yangu mara mbili kuongeza kitambaa. Nilipoingia uwanjani wanawake walipiga vigelegele. Nilitunzwa kanga, nilitunzwa noti, nyingine zilibandikwa kwenye jasho la paji la uso. Namwona Salima pembeni yangu anacheza, na kwa mara ya kwanza nikaona watu wanamtazama yeye baada ya mimi.

Tulipokaa kupumzika, alinikumbatia. "Shikamoo dada. Leo umependeza mpaka nimeona fahari!" Kisha akanishika mkono, akaupapasa. "Ila mikono mbona haijanenepa? Na miguu?"

Nikaunyofoa mkono wangu. "Wewe Salima, hata leo unanipima? Unene uko kwenu tu?"

Akaurudisha mkono wake. Nikafurahi kwamba nimemnyamazisha.

Mvua zilipoanza, na mimi nilianza kuanguka. Zahanati walinitoboa kidole wakasema sukari imepanda, wakanipa dawa za sukari. Nesi akauliza kama kuna dawa nyingine ninazotumia. Nikasema hapana. Nikarudi nyumbani, nikameza za sukari mkono huu na za kunenepa mkono huu.

Salima aliposikia, alikuja na gari la mumewe kwenye matope, akamwambia Baba Rehema, "Shemeji, niachie dada yangu nikamwangalie, hapa shamba litawashinda." Nikachukuliwa Mbekenyera. Nyumba ya bati jipya, sakafu ya vigae, kitanda cha wageni chenye neti nyeupe. Salima aliwahamisha watoto, akalala chumba kimoja na mimi ili asikie nikiita. Ananiogesha, ananipikia uji wa ulezi usio na sukari, anakaa mpaka nimalize. Hakuniacha peke yangu hata dakika. Ungekuwa wewe, ungeshukuru. Mimi nilikuwa nahesabu vigae.

Bahasha yangu ilikuwa chini kabisa ya begi, ndani ya kanga kuukuu. Nitamezaje mbele yake? Akiniuliza nini hicho nitasema nini? Kwamba mwili aliousifu mbele ya watu niliununua chini ya meza? Bora nisimeze. Nikaacha, ghafla, kama mtu anayezima redio.

Hilo ndilo kosa lililotaka kuniua, na ndilo ninalotaka ulisikie hata kama mengine utayasahau. Siku ya tatu nilitapika maji. Siku ya nne nilisimama nikaona ukuta unakuja, nikaanguka kwenye vigae vile vile vya kuonewa wivu. Nilikuja kupata fahamu niko hospitali Ruangwa, dripu mkononi, Salima amekaa pembeni ameshika chupa ya uji.

Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya chini. "Mama, kuna dawa yoyote uliyokuwa unatumia kabla? Za dukani, za asili, za mtaani?"

Salima alinitazama. Nikasema, "Hakuna."

"Za kupunguza maumivu? Za pumu? Za kunenepa?"

"Hakuna, daktari."

Aliutazama uso wangu wa mviringo, akaitazama mikono yangu, nikajua anajua. Lakini daktari hawezi kutibu kwa kukisia. Akarudi mchana akauliza tena. Salima yupo. Nikajibu vile vile. Presha yangu ilikuwa inashuka tu, wananiongezea maji, inashuka. Ulimi mzito, vidole vya baridi. Unajua nilikuwa nawaza nini? Nilikuwa nawaza, heri nife mnene.

Salima akatoka nje, akasimama karibu na dirisha kupiga simu. Nilimsikia. Alikuwa anaongea na mumewe na analia. "Mwambie mama ajiandae. Mwambie taratibu." Kisha akasema, "Rehema nitamchukua mimi. Nitamlea na Mwanahawa, hawatajua tofauti."

Hapo nikauona msiba wangu mzima, kama nimealikwa. Nikamwona Salima anaanguka juu ya jeneza, analia vizuri kuliko watu wote, watu wanamsifu, "Alimuuguza dada yake mpaka mwisho, yule mtoto ana moyo." Nikamwona Rehema wangu kwenye nyumba ya vigae ananenepa na kumwita Salima mama. Hasira iliyonishika, sijui niliitoa wapi na mwili ulikuwa umekwisha. Nikamwita nesi aliyekuwa anabadilisha dripu ya jirani. Nikamwambia mara moja, haraka, kabla Salima hajarudi: "Nilikuwa nameza vidonge vya kunenepa. Miezi saba. Nimeviacha wiki hii. Mdogo wangu asijue."

Wengine huponywa na sala, wengine na upendo. Mimi niliponywa na wivu, na Mungu anisamehe.

Waliniokoa kwa dawa ile ile. Ndiyo, dawa ile ile. Daktari alinieleza kwa maneno mepesi kwamba mwili wangu ulikuwa umeacha kujitengenezea kitu fulani kwa sababu nilikuwa naumezesha, na ukikatishiwa ghafla unakufa. Kwa hiyo nitapewa na wao, kwa kipimo, nitapunguziwa kidogo kidogo mpaka mwili ukumbuke kazi yake. Nisiruke hata siku moja. Salima aliambiwa tu kwamba ni dawa za asubuhi.

Nililala wodini wiki tatu, kisha nikawa naenda kliniki kila baada ya majuma mawili. Nikakijua kile kibaraza cha Ruangwa kuliko jiko langu. Unafika alfajiri, unapanga daftari lako juu ya benchi, unakaa. Kuna mama mmoja wa presha, mkubwa wa mwili, alikuwa anajaza nafasi ya watu wawili. Kila safari nesi anamkaripia, "Mama, punguza! Punguza wali, punguza chapati!" Anaitikia kwa unyonge. Nilitamani niikoromee dunia nzima. Yeye anabembelezwa apunguze, mimi nayeyuka bila kuombwa! Mashavu yalikwenda kwanza. Kila nilipopanda kwenye mizani mshale ulirudi nyuma. Nesi anasema, "Vizuri sana, Somoe," mimi machozi yananilenga. Mama yule siku moja akanimegea nusu ya kiazi chake, akasema, "Kula mwanangu, mimi nimekatazwa." Nilikula. Kilikuwa kitamu, nikamwombea afya.

Niliporudi Mtua, watu wa kisimani walikuwa na maneno mapya. Wengine walisema tumefilisika. Wengine walishusha sauti nikipita, na kushusha sauti huku kwetu kuna maana moja tu, kwamba una ule ugonjwa mkubwa. Baba Rehema akarudi kutangulia mbele njiani. Usiku wa kwanza nilimwambia ukweli wote. Akasema, "Na mimi nilikuwa naona. Nilipenda tu." Kesho yake alinisubiri mlangoni, tukaenda shamba sambamba. Sikutegemea.

Ufuta ukavunwa, ukaanikwa, ukakung'utwa. Dawa zangu zilikuwa zimebaki nusu kidonge asubuhi. Siku moja ikasimama bodaboda uani, akashuka Salima peke yake.

Sikumjua mara moja. Gauni lilikuwa limebanwa na pini kiunoni. Pingili za shingo hazipo, mashavu yameshuka. Na mimi, mwenzangu, moyo wangu uliruka kwa furaha. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umepungua, Salima."

"Nisipungue vipi? Hospitali, nyumbani, hospitali, halafu ufuta." Alikaa kwenye mkeka, akachezea ncha ya kanga. "Wifi zangu wanasema nimemtia mkosi kaka yao. Wakulima wanaona mke wa mfanyabiashara amekonda, wanasema jamaa ameishiwa, atachukua ufuta wetu na hatatulipa. Wanapeleka kwingine. Na yeye ananitazama tu."

"Pole."

"Dada, ulipoanza kupona nilifua nguo zako kule hospitali. Niliiona bahasha kwenye kanga. Sikukuuliza, nilisema ni siri yako ya mapambo." Akainua macho. "Nitajie duka. Na mimi nimeze kidogo tu, mpaka msimu wa korosho."

Kwa hiyo aliona vidonge, ila hakujua ndivyo vilivyoniangusha. Mimi ndiye niliyemfichia.

Jina la duka lilikuwa mdomoni. Hata njia ya kufika niliiona, kona, turubai la bluu, meza. Sauti moja ndani yangu ikasema, mwache. Mwache aende akavimbe, akauke miguu, atapike juu ya vigae vyake. Utamuuguza wewe, na watu watakusifu wewe. Nilikaa na sauti ile. Si kwa kufumba na kufumbua, nilikaa nayo, maharage yakawa yanachemka na kumwagika jikoni nikayasikia, na mdogo wangu ananitazama kwa imani yote.

Nikasimama, nikafungua kanga yangu, nikapandisha blauzi. Michirizi ile haijafutika na sidhani kama itafutika. "Tazama," nikamwambia. "Hiki ndicho kilichonilaza Ruangwa. Si sukari, si uchawi, ni bahasha ile. Nilimeza ili nisimame mbele ya watu kukuzidi wewe. Na nilipofika kwako nikaacha ili usinione nikimeza."

Alitazama tumbo langu. "Daktari alikuuliza," akasema polepole. "Mara mbili. Nilikuwa nimekaa pale. Nilikuwa nimeshika uji."

"Ndiyo."

"Ungekufa mbele yangu umefunga mdomo, dada? Ili nisijue mimi?"

Ningeweza kudanganya. Nimedanganya vingi.

"Ndiyo," nikamwambia.

Akanizaba kofi. Salima, ambaye tangu azaliwe hajawahi hata kunipandishia sauti, alinipiga kofi la shavuni, kwenye shavu hili hili lililobaki mfupa, likalia mpaka Rehema akachungulia mlangoni. Nilingoja la pili, nikaona ni haki yangu.

Halikuja. Alijifuta uso, akaifunga kanga yangu vizuri kiunoni kama anavyomfunga mtoto, akauliza kama leo nimekunywa dawa ya asubuhi.